Sombe na Zamu Zake: Mhadhara wa Jikoni, Kigoma-Ujiji

Wakubwa, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo.

Leo tuna chungu kimoja tu: sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa kwa mawese na dagaa. Kila aliyeketi hapa ameshaila, na wengi mnaipika, kwa hiyo sijaja kumfundisha mtu kushika mwiko. Ninachotaka tukitazame ni zamu: kipi kinatangulia, kipi kinangoja, na kwa nini. Sombe nyingi mbaya hazikukosa kitu. Viungo vyote vimo, ila vimeingia chunguni kwa zamu isiyo yao.

Tuanzie uani. Mashina machache ya muhogo nyuma ya jiko ni bustani ya kutosha kwa mwenye nafasi ndogo. Chukua mbegu kwenye shina la miezi 8 hadi 12, kata vipande vya sentimita 25 hivi, kila kimoja kiwe na macho 5 hadi 7, na ukifukia ukilaze kidogo, macho yakitazama juu. Wa mizizi tunaupanda mita 1 kwa mita 1. Wa majani hauna haja ya kupewa nafasi yote hiyo. Usikate mbegu kwenye shina lenye batobato, lile ambalo majani yake yamejikunja na yana mabaka ya manjano. Inzi weupe wanaeneza ugonjwa huo, lakini mara nyingi ni sisi wenyewe tunaoubeba kwapani pamoja na mbegu tulizopewa na jirani.

Wakati wa kuchuma, acha ncha inayochipua, chukua majani machanga yanayofuata chini yake, kama la 3 hadi la 5. Jani lililokomaa lina nyuzi ambazo hata mchi hauzimalizi. Na usilivue shina likabaki uchi, kwa sababu majani ndiyo yanayolisha mizizi. Ukitaka mboga nyingi na mihogo minene kwenye shina lilelile, kimoja kitakukatalia.

Sasa kinu, na hapa nitakaa kidogo. Ndani ya jani la muhogo kuna kitu kinaitwa linamarini. Ndani ya jani hilohilo, lakini mahali pengine, kuna kimeng'enya cha kukivunja. Jani likiwa zima, viwili hivi havikutani. Anayevikutanisha ni mchi. Linamarini ikivunjika hutoa sianidi, ambayo ndiyo sumu yenyewe, ila ni sumu inayokimbia haraka: huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi, chini ya joto la mchana wetu wa kawaida. Ukiipa moto na njia ya kutokea, inaondoka na mvuke.

Kwa hiyo yule anayetumbukiza majani mazima kwenye maji yanayochemka ili yawe laini kabla ya kutwanga anajirahisishia mkono na kuharibu kazi. Joto linaua kimeng'enya kabla hakijagusa chochote. Ukitaka majani laini, yanyaushe juani nusu saa. Yakishalegea hayarukiruki kinuni.

Chukua kilo 1 ya majani yasiyo na vikonyo, yaoshe, yanyaushe, kisha twanga kidogo kidogo, konzi mbili kwa wakati, pamoja na punje 4 za kitunguu saumu na nyanya chungu 2. Ukijaza kinu, ya juu yanapondeka na ya chini yanabaki majani. Yametosha pale unapoyasugua kati ya vidole usikute uzi. Blenda inakata vizuri, sikatai, lakini inataka maji ili izunguke, na sombe yake hutoka kama uji. Mimi nasimama na mchi. Na ukinunua sombe iliyokwisha kutwangwa pale sokoni Mwanga, angalia rangi: kijani kibichi ni ya leo, ikiwa nyeusi na ina harufu ya uchachu, mwachie mwenyewe.

Ukimaliza kutwanga, usibandike papo hapo. Iache kwenye beseni dakika 20, kimeng'enya kimalize kazi. Kisha iingize kwenye lita 2 za maji yanayochemka, bila mfuniko, kwa nusu saa, na dirisha liwe wazi. Kwa muhogo mchungu, mwaga maji ya kwanza baada ya dakika 15, weka mengine ya moto, na uendelee. Nusu saa ikiisha unaweza kufunika nusu na kupunguza makaa. Inahitaji kama dakika 45 nyingine. Msitie magadi. Ndiyo, yanalainisha upesi na kijani kinang'aa, lakini yanaua vitamini, na sombe inabaki na utelezi wa sabuni mdomoni.

Hizo dakika 45 ndizo za dagaa.

Wetu wa Ziwa Tanganyika ni wa jamii ya heringi. Yule wa Mwanza ni wa ukoo mwingine kabisa, ingawa jina ni moja. Anavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo siku za mbalamwezi anapungua na bei inapanda kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga. Nunueni siku za giza, zisizo na mwezi, mtunze. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, na aliyekuwa na akiba iliyokauka vizuri alikula. Dagaa mzuri ananyooka, anang'aa fedha, tumbo lake ni zima, na ukimkunja anakatika kwa mlio. Akiwa wa manjano, mafuta yake yameshaharibika, na hakuna kiungo cha kuficha hilo. Waliokaushwa kwenye vichanja hawana mchanga. Wa chini ufukweni wanao. Akiba iwe kwenye debe lenye mfuniko unaobana, na kila baada ya wiki mbili uwatoe juani, hasa masika.

Kwa chungu hiki gramu 150 zinatosha. Ondoa vichwa na utumbo, maana uchungu unakaa humo. Wapepete kwenye ungo, kisha wakaange vikavu, moto mdogo, dakika 5, hadi wasikike wakigongana. Ukianza na maji watavunjikavunjika. Wakishakakamaa ndipo uwapitishe kwenye maji ya vuguvugu, na uwatoe kwa kuwaokota kutoka juu. Ukimwaga bakuli lote kwenye chujio, mchanga uliokuwa umetulia chini unawarudia.

Mawese. Wakati wa baridi chupa inagawanyika, juu mekundu maangavu, chini mazito ya rangi ya chungwa, na mtu anadhani kauziwa yaliyochanganywa. Ni mafuta yaleyale. Sehemu moja inaganda mapema. Weka chupa kwenye maji ya moto, tikisa. Cha kuogopa ni yale yanayokwaruza koo: hayo yametoka kwenye chikichi zilizokaa muda mrefu mno kabla ya kukamuliwa.

Pima vijiko 6 vya mezani, weka kwenye moto wa wastani. Yataanza kupiga kelele na kurusha, kwa sababu yana maji kidogo. Ngoja kelele ziishe. Hapo tia kitunguu maji 1 kilichokatwa, kisha dagaa, dakika 3 tu. Wapo wanaoyachoma hadi yawe meupe, moshi umejaa nyumba. Wekundu ule ni karotini, ambayo mwili hugeuza vitamini A, na moto mkali unaiangamiza pamoja na ladha. Kama hutaki mekundu, nunua alizeti.

Mimina kikaango chote kwenye sombe maji yakiwa yamebaki kidogo, si kabla. Mafuta yakitangulia yanaelea juu ya maji mengi, hayaingii kwenye majani. Koroga, acha dakika 10, onja, ndipo utie chumvi, maana dagaa wengine wanakuja nayo tayari.

Itakayobaki, ipoze haraka, na kama hakuna friji ichemshe tena usiku kabla ya kulala. Kesho, ukiipasha, ongeza maji robo kikombe na moto mdogo. Usiongeze mafuta, yaliyomo yatajitokeza yenyewe. Wengi wanaipenda zaidi siku hiyo ya pili, na ugali wa muhogo.

Maswali, karibuni. Mama pale nyuma alikuwa amenyoosha mkono muda mrefu.