Mpimeni Mtoto Kabla ya Kumvika Miwani ya VR

Walimu wangu, habari za asubuhi. Wakubwa zangu, shikamooni. Nimeombwa nizungumzie teknolojia mpya darasani, na mimi nitazungumzia milimita. Wale walionisikia Masasi na Nachingwea wanajua ninakoelekea. Nawaomba wavumilie, kwa sababu kila ninapokwenda kupima macho shuleni nakuta kosa ni lile lile, na anayeumia ni mtoto.

Miwani ya VR, ile inayofunika macho yote na kukuonyesha picha za kidijitali kana kwamba uko ndani yake, siielezi zaidi. Wengi wenu mmeshaivaa. Shule nyingine zimeletewa na wafadhili, nyingine ni mwalimu kanunua yake kwa fedha za korosho, na hapa Mtwara mjini wapo vijana wanaoikodisha kwa michezo. Ninachotaka tukiseme leo ni lile lalamiko: "Mbona naona ukungu tu?" Na lile jibu linalonichosha: "Utazoea." Azoee nini? Kama picha haiko sawa mbele ya jicho, jicho linafanya kazi ya ziada dakika zote alizovaa, na akivua kichwa kinauma. Mtoto akishaumwa kichwa mara mbili hatavaa tena, na hapo somo lako limekufa.

Kuna shule moja ya sekondari, ndani huko mkoani Lindi. Mwalimu wa historia, kijana hodari kweli, alitaka wanafunzi wake wamwone mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa. Habari za mjusi huyu hakuna asiyezijua humu ndani: mifupa ilichimbwa kuanzia 1909 hadi 1913, zaidi ya tani 200, wachimbaji wakiwa ni babu zetu chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, ikabebwa kwa mabega na vichwa hadi bandari ya Lindi. Leo mjusi amesimama Berlin, Ujerumani, urefu wa kwenda juu mita 13.27. Mtoto wa Lindi hana nauli ya Berlin. Kwa hiyo mwalimu akatafuta umbo lake la kidijitali, akaliweka kwenye kifaa, ili mtoto asimame chini ya mjusi mzima pale pale darasani. Nampongeza hadi leo. Hayo ndiyo matumizi.

Sasa, mwalimu mwenyewe ni mtu wa umbo kubwa, uso mpana. Alikuwa amerekebisha kifaa kwa macho yake, na hakujua kwamba amekirekebisha kwa macho yake. Alisogeza lenzi mpaka akaona vizuri, basi. Wavulana wakubwa wa mwanzo wakavaa, wakapiga kelele za furaha. Akaja binti wa kidato cha pili, mdogo wa umbo. Akavaa, akasema, "Mwalimu, naona mijusi wawili." Darasa zima likacheka. Mwalimu akamkazia mkanda. Binti akasema bado. Mwalimu akakaza tena. Binti akasema sasa sawa, na sote tunajua kwa nini mtoto anasema sasa sawa mbele ya darasa linalomcheka. Akatoka pale kichwa kinamgonga, na jina akapewa: Mijusi Wawili. Akagoma kukivaa tena. Mwalimu akaamini binti ana macho mabovu.

Nilipofika kwa ajili ya upimaji, huyo ndiye mtoto wa kwanza kuletwa mbele yangu. Nikampima jicho la kulia peke yake, akasoma hadi mstari wa chini. La kushoto, hadi mstari wa chini. Makengeza hana. Nikaomba rula ya mkebe, nikapima umbali kutoka mboni moja hadi nyingine: milimita 57. Nikachukua kile kifaa. Lenzi zilikuwa kwenye nafasi ya tatu, milimita 68. Tofauti ya milimita 11! Nikazisogeza hadi nafasi ya kwanza, ambayo ni 58, nikalegeza ule mkanda, nikamvika. Akanyamaza. Kisha akaanza kuinua kichwa, akainua, akazidi kuinua, mpaka nikamshika bega asianguke. Akasema, "Kumbe shingo ndefu hivi!" Akaanza kuzihesabu mbavu kwa sauti, na safari hii wanaocheka walikuwa wanacheka pamoja naye.

Macho yake hayakuwa na neno. Hakuna aliyempima, basi.

Lenzi ina kitovu chake, na picha iliyo safi kabisa iko pale kitovuni. Ukitazama kupitia pembeni, herufi zinafifia, mistari inapinda, rangi zinachirizika kwenye kingo. Lenzi zikiwa zimeachana kuliko mboni, macho yote mawili yanapitia pembeni, na ubongo unapewa picha mbili zisizokaa pamoja uziunganishe kwa nguvu. Kwa mtu mzima umbali wa mboni ni wastani wa milimita 63 hivi, na wengi tuko kati ya 54 na 74. Wanawake kwa kawaida wana kipimo kidogo kuliko wanaume, na watoto kidogo zaidi. Kuliacha darasa zima livae kwa kipimo cha mwalimu ni kushona sare za shule nzima kwa kipimo cha mkuu wa shule.

Najua mtu atasema: kifaa cha bei ile, hakijirekebishi chenyewe? Vichache vinajirekebisha. Apple Vision Pro ya 2024 ina mota inayosogeza lenzi yenyewe. Lakini vinavyofika kwetu ni Quest 2 ya mwaka 2020, ambayo ina nafasi tatu tu, 58, 63 na 68, na unazisogeza kwa vidole. Quest 3 ya 2023 ina gurudumu dogo kwa chini, unalizungusha na namba inaonekana mbele yako. Yale maboksi ya kuchomeka simu, mengi hayana cha kusogeza kabisa. Kwa hayo, mtoto akisema haoni, mwamini na umtoe.

Mwingine atasema: darasa langu lina watoto sitini, nitampima kila mmoja saa ngapi? Ndugu yangu, kumpima mtoto mmoja hakuchukui dakika, na unampima mara moja kwa mwaka. Andika namba mbele ya jina lake kwenye daftari la mahudhurio. Siku ya somo, foleni ipange kwa namba: wenye vipimo vidogo mbele, wakubwa nyuma. Kwa kifaa chenye nafasi tatu utasogeza lenzi mara mbili tu kipindi kizima. Mara mbili!

Kupima ni hivi. Mkalishe mtoto mbele yako, nyuso zilingane, urefu wa mkono kati yenu. Laza rula juu ya pua yake, katikati ya macho. Fumba jicho lako la kulia, mwambie atazame jicho lako la kushoto lililo wazi, weka sifuri ya rula katikati ya mboni yake ya kulia. Usitikise rula. Sasa fumba la kushoto, fumbua la kulia, mwambie atazame hilo lililofumbuliwa, na usome namba iliyo katikati ya mboni yake ya kushoto. Rudia mara mbili au tatu. Ukikosea kwa milimita moja si kitu. Ninachokataza ni kukosea kwa 11.

Ukishaweka lenzi, bado kuna juu na chini, na hapa ndipo mkanda unapoharibu kazi. Watu wanakaza kwanza, halafu ndiyo wanauliza kama anaona. Geuzeni. Mkanda wa nyuma ushuke chini ya kisogo, pale mfupa unapoishia, ili uzito ushikwe na kichwa, usishikwe na mashavu. Mwache mtoto mwenyewe ashike kifaa kwa mikono miwili, akipandishe na kukishusha taratibu huku anatazama maandishi ya menyu, mpaka herufi ziwe kali. Zikiwa kali, hapo ndipo unakaza, na unakaza kidogo. Akivua na kubaki na alama nyekundu usoni, umezidisha.

Maandishi ya menyu nayasisitiza kwa sababu. Watu wanarekebisha kifaa huku wanatazama video, na video yenyewe ndiyo ina ukungu. Tufanye hesabu. Video ya 4K inayozunguka pande zote ina pikseli, yaani nukta za picha, 3840 kwa upana. Zigawe kwa digrii 360: unapata kumi na kidogo kwa kila digrii. Jicho zima linaweza kutofautisha kama 60. Quest 2 yenyewe inaweza kuonyesha kama 20, Quest 3 kama 25. Kwa hiyo hata kifaa kikikaa sawasawa, video hiyo itakuwa ya ukungu, na huwezi kuitibu kwa kuzungusha gurudumu. Herufi za menyu zikiwa kali na video ikawa hafifu, tafuta video bora. Herufi zenyewe zikiwa hafifu, endelea kurekebisha.

Halafu mwambie afumbe jicho moja. Kila jicho peke yake likiona vizuri, na yote mawili pamoja yakaleta ukungu au vitu viwili, anza na umbali wa lenzi. Jicho moja likiwa hafifu hata baada ya kufuta lenzi na kuweka sawa kifaa, mwalimu, andika jina la mtoto huyo. Huenda jicho hilo lina tatizo tangu utotoni na hakuna aliyewahi kulijua, kwa sababu jicho zuri lilikuwa linalibeba. Vivyo hivyo mtoto ambaye herufi ni kali lakini haoni kina kabisa, kila kitu kwake ni bapa kama picha ya ukutani. Mpeleke hospitali ya mkoa, Ligula kwa walio Mtwara, Sokoine kwa walio Lindi, akapimwe. Naomba hili lisipite hivi hivi. Kifaa mlichokileta kwa ajili ya mjusi kinaweza kumwokoa mtoto jicho, kama tu mtamsikiliza anaposema haoni.

Hapa kuna anayewaza: madawati hayatoshi, na huyu anatuletea habari za miwani ya VR. Nakuelewa, na ningeulizwa cha kununua kwanza ningesema madawati, na baada ya madawati ningesema miwani ya kawaida kwa watoto wasioona ubao. Lakini vifaa vimeshafika. Viko kwenye makabati ya ofisi zenu. Swali lililobaki ni kama vitamfundisha mtoto au vitamtesa.

Miwani ya kawaida. Hapa nakuta mambo kinyume kabisa. Mzee anatoa miwani yake ya kusomea mfukoni, anaivaa ndani ya kifaa, kwa sababu skrini iko karibu na uso. Skrini iko karibu, ndiyo, lakini lenzi zinaisukuma picha mbali: jicho linaiona kama iko mita moja na nusu hivi, au mbili, kutegemea kifaa. Kwa hiyo mwenye miwani ya kusomea tu, mara nyingi ataona vizuri zaidi bila miwani. Na yule kijana asiyeona mbali ndiye anayeivua, akidhani kitu cha karibu hahitaji. Namba ya miwani yako ikiwa hasi 3, unaona vizuri hadi sentimita 33 peke yake. Mita moja na nusu ni mbali sana kwako. Vaa miwani yako. Namba ndogo sana, kama hasi nusu, unaweza kuvumilia bila. Ila tumia kile kipande cha plastiki cha kuongeza nafasi kati ya uso na lenzi, kwa vifaa vinavyokuja nacho, maana lenzi ya miwani ikisugua lenzi ya kifaa, mikwaruzo haitoki tena.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, kwa haraka.

Jua. Msiache kifaa dirishani, kibarazani wala kwenye gari, lenzi zikitazama juu. Lenzi hizo zinakusanya jua na kuchoma skrini kwa muda mfupi sana, na doa hilo ni la kudumu. Kwa jua letu sihitaji kusema zaidi.

Kufuta: kitambaa laini cha miwani, kikavu. Spiriti hapana, kona ya khanga hapana, mate hapana. Jasho na mafuta ya usoni ndiyo ukungu wa kila siku. Futeni kila baada ya mtoto mmoja, na ile sehemu inayogusa uso ifutwe pia, kwa sababu macho mekundu yanaambukizana.

Mvuke: kifaa kikitoka kwenye ofisi yenye kiyoyozi na kuingia kwenye joto la darasa, lenzi zitashika maji. Kitoe mapema kipate joto.

Muda: dakika kumi, kumi na tano, kisha mtoto avue na atazame nje, mikorosho ya mbali. Vitu vilivyoletwa karibu sana na uso ndani ya kifaa vinachosha zaidi, kwa sababu macho yanakutana karibu huku yamelenga mbali. Vichagueni vilivyo umbali wa mita na zaidi. Umri: Meta wenyewe, watengenezaji wa Quest, walianza na miaka 13, na mwaka 2023 wakashusha hadi 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Darasa la kwanza na la pili, tafadhali, hapana. Kizunguzungu ni somo lake, leo sitalifikia; aliye na mtoto anayetapika anione wakati wa chai.

Rula ziko kwenye lile boksi pale mbele. Kaeni wawili wawili, mpimane sasa hivi, kila mtu aandike namba yake na ya mwenzake. Walimu wa Newala, nyinyi mna kifaa hapa. Mwenye namba ndogo kuliko wote kwenye kundi lenu ndiye ataanza kukivaa.