Rudini na Karatasi

Mhadhara kwa wapigapicha vijana, Ngome ya Lamu, baada ya sala ya alasiri

Asalaam aleikum. Mwenyekiti amenipa dakika arobaini, kisha akanikumbusha kwamba maghrib haimsubiri mtu. Ananijua. Amenisikia nikilisema jambo hili, la kumrudia mtu na picha yake mkononi, pale uwanjani Mkunguni, amenisikia nikilisema harusini, na leo kaniletea kipaza sauti kwa mkono wake mwenyewe, basi asimlaumu mtu.

Kabla hatujaanza nimezipitia picha mlizotundika pale ukutani. Mwanga mmeujua, na hilo si jambo dogo katika mji wa vichochoro, ambako jua huchungulia kidogo likaenda zake. Lakini kwa picha hizi watu wa Lamu hawana nyuso. Punda anao, yuko mmoja pale ananitazama kama ananidai. Mlango wa nakshi nimeuona. Mwanamke wa buibui anayeupita mlango wa nakshi nimemwona kila nikigeuka, na kila mara ni mgongo. Halafu pale mwisho kuna mzee amekaa barazani, kapigwa kwa mbali, kakunja uso kwa jua, na chini imeandikwa: "Mzee, Lamu." Jamani! Mzee huyo ana jina. Nusu ya watu waliomo humu wanamjua, na mmoja wenu ni mjukuu wake. Nimemwona akiinamisha kichwa.

Tuanze na lenzi, maana hiyo humfichua mpigapicha kabla hajafungua mdomo. Ukiwa na lenzi ya milimita 35 kwenye kamera ya fremu kamili, na unataka mtu ajae kuanzia kiunoni hadi kichwani kwenye picha ya kulala, ile iliyo pana kuliko kimo chake, itakubidi usimame kama mita moja na nusu kutoka kwake. Hapo anakusikia ukivuta pumzi. Kwa milimita 200, picha ya ukubwa ule ule unaipata ukiwa zaidi ya mita nane. Mita nane katika vichochoro vya Mkomani ni mtaa mwingine.

Sisemi lenzi ndefu ni haramu. Kwa ndege, kwa mpira, kwa mashindano ya mashua, itumieni. Lakini mtu aliyekaa barazani hakimbii. Tena baraza lenyewe limejengwa nje ya nyumba ili asiye wa ndani apate pa kukaa. Mwenye nyumba ameshakukaribisha kwa mawe na chokaa, nawe unasimama ng'ambo kama askari wa doria.

Najua mtakaloniambia, nimelisikia miaka yote: "Bi, nikimsalimu atajipanga." Atajipanga, ndiyo. Atashika kofia, atavuta kanzu, atakaza uso kama wa kitambulisho. Ipige hiyo. Ndiyo anayoitaka, na uso ni wake. Kisha kaa kitako. Muuza kahawa atapita na dele lake akigonganisha vikombe, mtaagiza, atakuja mtu wa tatu na habari za bei ya samaki, watabishana, na mzee atasahau kwamba una kamera. Picha mnayoiita ya asili iko hapo, baada ya kikombe cha pili. Anayepiga kwa kuvizia hupata uso wa mtu anayesubiri usumbufu upite.

Kukaa, hata hivyo, ni nusu tu, na ni nusu ambayo siku hizi kila mwalimu wa picha anaihubiri. Nusu ninayoililia mimi ni kurudi.

Zamani kurudi hakukuwa hisani, kulikuwa biashara. Mpigapicha wa mtaani alikupiga leo, filamu ikaenda kusafishwa, na pesa yake haikutimia mpaka akukabidhi karatasi mkononi. Kwa hiyo alilazimika kujua unaitwa nani na unapatikana wapi. Wapigapicha wa kivuko cha Likoni waliishi kwa hesabu hiyo, na wale wa Uhuru Park, Nairobi. Hapa kwetu tulikuwa na marehemu Omar Said Bakor, aliyefariki 1993. Alianza kwa kuzunguka na kamera kabla ya kufungua studio yake. Leo watafiti wa Ulaya wanazichambua picha zake za kuunganisha vipande kuwa picha moja, nami nafurahi, lakini nendeni kwanza mkawaombe mama zenu wafungue makabati. Mtu aliyepiga picha katika mji huu kwa miongo, na wateja wakaja kuzichukua mmoja mmoja, alijua nani kamzaa nani.

Kamera ya dijitali ilipoingia ikatuondolea filamu, dawa na chumba cha giza. Alhamdulillahi, vidole vyangu vinaishukuru. Lakini pamoja na hivyo ikauchukua mkutano wa pili. Hakuna aliyekusudia. Mkutano ule ulikuwa umefungwa ndani ya karatasi, karatasi ilipoondoka ukaondoka nayo.

Sasa nitawasimulia habari ya yule mama wa California. Walioisikia wavumilie, mimi sijaichoka.

Machi 1936, Dorothea Lange, mpigapicha aliyeajiriwa na serikali ya Marekani kuonyesha hali ya wakulima waliofukarika, alikuwa akirudi nyumbani kwa gari baada ya safari ndefu ya kazi. Mvua inanyesha, amechoka. Akakipita kibao cha kambi ya wavunaji wa njegere, mahali paitwapo Nipomo. Akaenda kama maili ishirini mbele, moyo ukakataa, akageuza gari. Kambini akamkuta mama chini ya turubai na watoto wake. Akapiga picha chache, kila moja akisogea karibu zaidi. Moja ya hizo mnaijua hata kama hamjui kwamba mnaijua: mama kashika shavu, watoto wawili wamemlalia mabegani na visogo vyao vimeelekea kwetu, kichanga kiko mapajani. Mwaka 1960 Lange mwenyewe aliandika kwamba hakumuuliza mama yule jina lake wala habari zake. Mama alimtajia umri, miaka 32. Yote hayo yalikuwa ya kama dakika kumi. Dakika kumi! Hapa Lamu dakika kumi bado mnaulizana hali za mashangazi.

Picha zikatoka gazetini San Francisco, serikali ikapeleka chakula kambini. Chakula kilipofika, familia ile ilikuwa imeshaondoka. Maelezo yaliyofuatana na picha yalisema wameuza matairi ya gari lao ili wapate kula, na watu wakayahurumia matairi yale kwa miaka. Mwaka 1978 mwandishi wa gazeti la Modesto akampata mama mwenyewe. Florence Owens Thompson, Mcherokee kwa kuzaliwa, yu hai, na ana uchungu: uso wake uko kila mahali na senti moja hajaiona. Baadaye mwanawe akaeleza kwamba matairi hawakuuza, kwa sababu hawakuwa na matairi ya kuuza. Gari lilikuwa limewaharibikia njiani, na wavulana walikuwa wameenda mjini kutengenezesha rejeta.

Mimi huyang'ang'ania matairi haya. Lange hakuwa na roho mbaya. Mwanamke aliyechoka akageuza gari maili ishirini kwenye mvua, wangapi wenu mngegeuza? Yamkini alichanganya habari za familia mbili. Basi kosa la namna hiyo mkutano wa pili hulifuta papo hapo. Mpe mtu picha yake mkononi, atajitazama, atasoma ulichoandika chini, kisha atakusahihisha hata kama hukumuomba. Kwa Florence sahihisho lilichukua miaka 42. Na yule msichana wa Kiafghani mwenye macho ya kijani, aliyekuwa kwenye jalada la National Geographic la Juni 1985? Sharbat Gula. Jina lake dunia ililijua mwaka 2002, na mpaka hapo mwenyewe hakuwa ameiona picha ile hata mara moja. Wageni walikuwa wameitundika sebuleni.

Naona kijana pale anatikisa kichwa. "Lakini picha ile ilileta chakula." Ilileta, na waliokuwa bado kambini walikila, wala sitaki irudishwe kwenye filamu. "Na Mohamed Amin, Mkenya mwenzetu aliyepiga picha za njaa kule Korem, Ethiopia, mwaka 1984, angekaa barazani?" Hapana, asingekaa. Watu wanakufa kwa njaa, unapiga, unapeleka, ulimwengu uamke, na uliamka. Lakini wewe uko Mkunguni na glasi ya ukwaju mkononi. Dharura yako ni ipi?

Nije kwetu. Kijana mmoja niliyemfundisha alimkuta mzee barazani akishona kofia, zile za vitobo vya mkono zinazokula miezi na miezi. Akaomba kukaa, akaiweka kamera mapajani, akatazama vidole. Sindano inaingia, uzi unazunguka ukingo wa kitobo, unavutwa, unakazwa, kitobo kinabaki wazi kama jicho la dagaa. Gumba la mzee limekuwa sugu, lina nukta nyeusi za sindano. Kijana akauliza kwa nini safu moja ina vitobo vikubwa kuliko nyingine. Mzee hakueleza. Akasema, "Ndoo hapa," akaiinua kofia juani, juu ya uso wake mwenyewe, na mwanga wa vitobo ukamdondokea nukta nukta kwenye paji, kwenye pua, mpaka kwenye ndevu. "Waona?" Kijana akapiga. Mita nane usingepewa hiyo, kwa sababu mzee alikuwa akijibu swali.

Nikamwambia, kaisafishe, rudi. Akasafisha ya inchi 4 kwa 6, akapeleka. Mzee akaitazama, akaigeuza nyuma, akasomewa kilichoandikwa: "Fundi kofia kazini." Akacheka. "Mimi si fundi kofia. Mimi ni nahodha, miguu imenikataa. Hii namshonea mjukuu wangu, aoa." Kisha akamtuma mtoto ndani, mtoto akatoka na bahasha. Ndani mna picha ya kijana kifua wazi kashika usukani wa jahazi, na nyuma yake pwani yetu hii kabla haijajaa vibao vya mikahawa. Akamruhusu ainakili pale pale, kwa sharti arudi na nakala mbili. Sasa linganisheni: "Mzee, Lamu." "Fundi kofia kazini." Na hii ya tatu, nahodha anayemshonea mjukuu kofia ya harusi. Mwanga ni ule ule, kamera ni ile ile, na ya tatu haipatikani siku ya kwanza.

Na msiniambie mtamtumia kwa simu. Mtumieni, sawa. Lakini ya simu itazama chini ya salamu za Ijumaa na video za mpira, na simu ikianguka majini imekwenda. Karatasi hukaa ukutani ikagombaniwa na wajukuu.

Mwenyekiti ameanza kukohoa. Nitakwenda mbio.

Mwanga: kamera inapopima hudhani dunia yote ni kijivu. Buibui jeusi likijaa kwenye fremu itaongeza mwanga, na ukuta wa chokaa nyuma utaungua. Kanzu nyeupe itaifanya ipunguze, na uso wa mwenye kanzu utakuwa kivuli. Pimeni usoni. Kwa mbali huwezi, utapima kanzu.

Kina dada, nyinyi mnaingia ambako hawa kaka zenu hawafiki. Kwenye kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake watupu, simu hukusanywa mlangoni na mpigapicha wa kike ndiye peke yake anayeruhusiwa. Hiyo ni amana kubwa, na nina mengi ya kusema juu yake, lakini si mbele ya wanaume.

Sheria: Kifungu cha 31 cha Katiba, kile cha faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Watoto wa madrasa wakikimbia kichochoroni wanapendeza, najua. Mtafuteni mwalimu wao, na kupitia kwake wazazi. Yule bwana wakili wa safu ya pili ameshafungua mdomo kuniambia kwamba sheria imeacha nafasi kwa habari na sanaa. Imeacha. Haikuacha nafasi ya kuitangaza hoteli kwa uso wa nyanya ya mtu.

La kuwalipa watu pesa nililiandika hapa, ukurasa mzima, na lina ugomvi ndani yake. Nalikunja. Tukilianza tutalala humu.

Kuna printa ndogo mezani pale nyuma. Inatoa moja moja, na wino wake ni ghali, kwa hiyo kila mtu achague picha moja yenye mtu anayejua pa kumpata kesho. Asiyejua pa kumpata asipange foleni. Haya, maswali mawili, na yawe maswali. Anayetaka kuanza na "mimi nina maoni" anipishe nimpe mama yule aliyenyoosha mkono tangu tulipokuwa kwenye matairi.