Baada ya Miaka Kumi na Saba

Mabibi na mabwana, wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, na sitaliacha mpaka lipate jibu. Timu ya wasichana wa Ghana wa chini ya miaka 17, Black Maidens, ilicheza Kombe la Dunia la umri huo mara sita mfululizo, tangu lilipoanza New Zealand mwaka 2008 hadi Uruguay mwaka 2018. Katika muda huo wote dada zao wakubwa, Black Queens, yaani timu ya taifa ya wanawake, hawakufuzu Kombe la Dunia hata mara moja. Mara yao ya mwisho kulicheza ni 2007, kule China.

Turudi Baku, Azerbaijan, Oktoba 2012, kwenye Kombe hilo la wasichana. Ghana inakutana na Ujerumani kuwania nafasi ya tatu, Jane Ayieyam anafunga bao pekee la mchezo, na Afrika inapata medali yake ya kwanza katika mashindano hayo. Katika kikosi cha Ujerumani alikuwemo Sara Däbritz. Miaka minne baadaye huyo aliyeshindwa alivishwa dhahabu ya Olimpiki mjini Rio, kwa sababu alirudi nyumbani akakuta klabu, ligi na mechi ya kila juma vikimngoja. Nawauliza: waliomshinda walirudi wakakuta nini?

Nitaambiwa kwamba wasichana wetu huolewa mapema. Jamani, Wajerumani nao huolewa! Nimefundisha binti aliyekuja mazoezini na daluga za kaka yake, zimejazwa magazeti nchani ili zisimvuke, na kila jioni aliyatoa akayaanika juani kwa ajili ya kesho. Huyo hakukosa moyo. Alipofikisha miaka 18 hakukuwa na timu ya kumpokea, akazitundika daluga zile zile za kuazima.

Mwaka 2018 nahodha wa Black Maidens, Mukarama Abdulai, alikuwa mfungaji bora wa Kombe la Dunia la umri huo kwa mabao saba, na bado tulizungumzia kipaji chake kana kwamba kipaji hujilisha chenyewe. Suala la posho na la masomo ya wachezaji nayaacha kwa leo, ingawa si madogo. Ninachodai ni ligi ya wasichana wa miaka 18 hadi 20, yenye ratiba isiyoahirishwa kila wanaume wanapouhitaji uwanja, na iwe imeanza kabla hatujapeleka kikosi kingine cha watoto ng'ambo.