Masika ya Dar es Salaam si Kalenda ya Makete

Mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Nimealikwa kuzungumzia wakati wa kupanda na kuvuna mboga katika nyanda za baridi, na nimefurahi kwamba mhadhara huu unafanyika Dar es Salaam, kwa sababu kosa ninalokuja kulisema hutendeka hapa mjini, katika simu zilizomo mifukoni mwetu, kabla halijafika Makete au Njombe. Wengi wenu mna mashamba huko juu na mnayaendesha kwa kutuma fedha. Sitawaeleza faida ya kilimo wala bei ya gunia la viazi pale sokoni Mabibo, maana hayo mnayajua. Nataka tuzungumze juu ya tarehe tu.

Nimelisema jambo hili kila nilipopewa nafasi, na nitaendelea kulisema, kwa kuwa kila mwaka ifikapo katikati ya Machi, mvua za masika zikianza kugonga mabati ya Mbagala na Tabata, watu huchukua simu na kuwaambia ndugu zao wa nyanda za juu kusini: "Mvua imeanza, pandeni." Masika ni ya pwani na kaskazini. Makete na Njombe zina msimu mmoja wa mvua, unaoanza takriban Novemba na kuishia Aprili au Mei. Kwa hiyo simu ile inayopigwa Machi humfikia mkulima ambaye msimu wake unaelekea ukingoni, na mbele yake haipo mvua, ipo baridi.

Nayasema haya nikiwa na kidonda. Upande wa mama yangu tuna shamba Makete, chini ya mteremko, mahali penye maji mwaka mzima, pale ambapo wenyeji hulima vinyungu, yaani bustani za bondeni za wakati wa kiangazi. Mwaka mmoja nilituma fedha za mbegu ya maharage katikati ya Machi. Mjomba wangu, ambaye amelima pale tangu ujana wake, aliniambia kwa upole, "Mpwa wangu, umechelewa, tungoje." Mimi nilimjibu kwamba maji yapo, samadi ipo, na pakiti imeandikwa siku 60, hivyo kabla Mei haijaisha tutakuwa tumevuna na kupeleka Kariakoo. Alipanda kwa sababu fedha ilikuwa yangu. Katikati ya Mei nilipiga simu kuuliza kama wachumaji wamepatikana, akanijibu kwamba maharage ndiyo kwanza yanatandaza majani. Mwanzoni mwa Juni yalianza kutoa maua. Kisha asubuhi moja ya mwezi huohuo, saa kumi na mbili na nusu, mjomba alinipigia na kusema maneno machache: "Sakitu imepita usiku. Yameungua yote." Sakitu ni baridi ya usiku inayogandisha na kuunguza majani. Nilipofika siku ya tatu, majani yalikuwa meusi na malaini kama mboga iliyochemshwa ikasahaulika jikoni. Juu kidogo ya mteremko ule ule, hatua mia mbili hivi, maharage ya jirani yaliyopandwa Desemba yalikuwa yameshavunwa zamani na yamo ghalani.

Mjomba hakunilaumu. Alinionyesha tu makosa mawili, na ndiyo ninayowaletea leo, kwa maana kila kinachosemwa kuhusu kilimo cha baridi kinarudi kwenye hayo mawili.

Kosa la kwanza lilikuwa kuhesabu siku badala ya kuhesabu joto. Mmea hausomi kalenda. Hukua kwa joto linalozidi kiwango ambacho chini yake husimama. Kwa maharage, kiwango hicho ni takriban nyuzi 10 za Selsiasi. Tuseme siku 60 za pakiti zilihesabiwa mahali penye wastani wa nyuzi 22: kila siku maharage yalipata nyuzi 12 za kukulia, na jumla yake ni 720. Yapelekeni mahali penye wastani wa nyuzi 16, yapate nyuzi 6 tu kwa siku, na jumla ileile ya 720 itahitaji siku 120. Mbegu ni hiyohiyo na pakiti haikudanganya, ila safari imekuwa ndefu mara mbili. Hesabu hii ni ya makadirio, lakini inatosha kumzuia mtu asipoteze mtaji wake.

Ifanyeni hesabu hiyohiyo kwa njegere, ambazo husimama karibu na nyuzi 5. Penye wastani wa nyuzi 22 zinapata 17 kwa siku, na penye 16 zinapata 11, kwa hiyo hazicheleweshwi mara mbili. Zinacheleweshwa kwa nusu tu ya muda wake. Hapa ndipo mtu aelewe kwa nini njegere, karoti, kabichi na viazi mviringo vimekuwa mazao ya milimani, huku maharage, nyanya na maboga yakihangaika. Wazee walioyachagua mazao hayo hawakuwa na kipima joto, lakini walikuwa na macho.

Sasa, tarehe ya kupanda hutafutwa kwa kurudi nyuma. Waulizeni wenyeji wa shamba lenyewe, si wa wilaya kwa jumla, sakitu ya mapema kuliko zote wanayoikumbuka ilianguka lini. Tuseme wanasema tarehe 1 Juni. Ondoeni wiki mbili za tahadhari, mtafika tarehe 18 Mei. Rudini nyuma siku 120 za maharage, mtafika tarehe 18 Januari. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kupanda maharage katika shamba hilo. Mimi nilipanda katikati ya Machi, nikiwa nimechelewa miezi miwili kamili, na hakuna mbolea duniani inayorudisha miezi miwili.

Najua yupo atakayeuliza mbona Alaska, kaskazini kabisa mwa Amerika, kuna baridi kuliko kwetu na bado mboga hukua kupita kiasi, maana swali hili huulizwa kila mahali. Ni kweli kwamba mwaka 2012, katika maonyesho ya Palmer, Alaska, ilipimwa kabichi yenye uzito wa zaidi ya kilo 62, katika nchi yenye majira mafupi kuliko yetu. Lakini kule, miezi michache isiyo na sakitu ndiyo hiyo yenye mchana mrefu, na mwezi Juni jua la Palmer hukaa angani karibu saa 19, hivyo kabichi haipati usiku wa kupumzika. Makete, katika Juni hiyohiyo, mchana hauzidi saa 12. Baridi yetu huja pamoja na ukavu na siku fupi. Kwa hiyo nawasihi, msichukue kalenda ya Alaska au ya Norway mkaibandika ukutani kwa ndugu zenu. Njia ya kuhesabu kurudi nyuma mnaweza kuiazima, ila tarehe zitoke kwenye udongo wenu.

Kosa la pili lilikuwa mahali. Nilichagua bondeni kwa ajili ya maji, nami sikujua kwamba hewa ya baridi ni nzito na huteremka mlimani kama maji yanavyoteremka. Usiku wa Juni hadi Agosti, anga likiwa halina mawingu, upepo umetulia na hewa ni kavu, ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani, hewa inayoigusa hupoa, kisha hutiririka mpaka kinyungu na kutuama pale. Kipima joto kilichotundikwa kwenye urefu wa kifua cha mtu kinaweza kusoma nyuzi 2 au 3 huku jani lililo karibu na ardhi limeshashuka chini ya sifuri. Ndiyo maana jirani wa mteremkoni hulala salama na wa bondeni huamka amefilisika. Na kama chini ya shamba lenu mmeotesha ua mzito wa miti unaokata bonde, mmeijengea baridi bwawa. Fungueni njia ipite.

Sisemi vinyungu viachwe. Vimewalisha watu wa Iringa na Njombe wakati wa kiangazi kwa muda mrefu. Nasema vinyungu vya miezi ya baridi vipandwe kabichi, sukuma wiki, karoti na njegere, na njegere zenyewe zipangwe zisitoe maua katika wiki za sakitu, kwa kuwa jani lake huvumilia lakini ua na kitumba chake haviwezi. Maharage, nyanya na maboga yabaki kwenye mteremko na katika msimu wa mvua. Viazi vinavyopandwa huko mabondeni vihesabiwe kurudi nyuma vilevile, maana majani yake huungua kama ya maharage.

Huwa naambiwa pia, "Tutawasha moshi usiku." Moshi unaziba pua za watu kuliko unavyozuia joto lisitoroke. Afadhali mmwagilie udongo mchana wa kuamkia usiku wa hatari, kwa sababu udongo wenye maji huhifadhi joto zaidi kuliko mkavu, na mfunike miche kwa nyasi au magunia kabla jua halijazama, kisha mfunue asubuhi.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami sijagusa mavuno, kwa hiyo nitayasema kwa haraka. Nyanya na maboga yavunwe kabla ya usiku wa kwanza wa sakitu; nyanya iliyokwisha kukomaa hata ikiwa ya kijani itaiva ndani ya nyumba. Kabichi na sukuma wiki ziliwe baada ya sakitu, kwa maana baridi huzifanya zijiwekee sukari, na karoti nazo huongezeka utamu zikiwa bado ardhini. Ila msikate kabichi asubuhi ikiwa imeganda, subirini jua liiyeyushe, vinginevyo itaoza kabla ya kufika Mikumi. Viazi ambavyo majani yake yameungua viacheni ardhini kama wiki mbili ngozi ikaze, hata kama dalali wa Mabibo anapiga simu kila saa, maana kiazi chenye ngozi laini huchubuka ndani ya lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, na huanza kuoza njiani.

Vitunguu nilitaka kuvipa nusu saa, nami nitavipa sentensi moja: msinunue mbegu ya nchi za kaskazini inayohitaji mchana wa saa 14 au zaidi, kwa sababu mchana huo Tanzania haupo, mtapata majani bila kitunguu, tumieni za siku fupi, kama Red Creole. Kuhusu kitalu cha miche na aina za viazi, waulizeni watafiti wa taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Uyole, pale Mbeya, ambao kazi yao ndiyo hiyo.

Anayetaka kupanda maharage Makete mwaka huu, kabla hajatuma fedha, ampigie kwanza mwenye shamba na kumuuliza sakitu ya mapema huanguka lini pale kwake, kisha anyamaze amsikilize. Sasa nipo tayari kwa maswali.