Kidole cha Mgeni Kinakaa Wapi Baada ya Foleni?

Shikamooni wazee, na habari za jioni ninyi wengine. Naona nyuso nilizoziona mwaka jana, na najua mnachojisemea: huyu wakili amerudi tena na vidole vyake. Ndiyo, nimerudi navyo vyote kumi. Nitaendelea kurudi mpaka mtu mmoja katika ofisi za serikali ya Uganda aniambie alama zenu za vidole, ninyi wakimbizi na wageni, zinakaa wapi, kwa muda gani, na nani ana ruhusa ya kuzifungua.

Jinsi zinavyochukuliwa sihitaji kuwaeleza. Aliyepita Old Kampala, wanakosajiliwa wakimbizi mjini, anajua. Aliyepita makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyaka anajua. Mkenya aliyefuata kibali cha kazi anajua, na Msudani aliyekuja tangu vita vya 2023 anajua kuliko sisi sote. Vidole vinne vya kulia, vinne vya kushoto, gumba mbili, tazama kamera, usipepese. Unapewa karatasi yako. Kuna aliyeambiwa neno lingine zaidi ya "anayefuata"? Nyoosheni mikono. Basi tuendelee.

Msinielewe vibaya, mimi si adui wa usajili. Mgeni asiye na karatasi Kampala ni mali ya kila askari anayetaka chai. Nataka mgeni asajiliwe, tena upesi, tena bila kumlipa mtu wa katikati. Ninachokikataa ni hiki: mtu anahitaji posho, au kibali, au laini ya simu. Anawekewa mashine mbele yake, anaweka vidole, halafu tunaandika kwamba amekubali. Amekubali nini? Angekataa, jioni angewalisha wanawe nini? Idhini ya namna hiyo ni ya makaratasi tu. Kwa hiyo tuache kumbebesha mgeni mzigo wa kukubali. Abebe anayechukua: aseme anachukua kwa kazi gani, asiitumie kwa kazi nyingine, na kazi ikiisha aifute. Hata jirani akija kuazima sufuria unamuuliza anapika nini na ataileta lini.

Sasa nitawapeleka Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya. Walionisikia zamani wavumilie, kwa sababu sijaona mfano mwingine unaolieleza jambo hili vizuri zaidi, na haukutokea Ulaya wala Marekani, umetokea hapo kwa jirani.

Kambi za wakimbizi za Dadaab, hukohuko Garissa, zilifunguliwa mwaka 1991, Somalia ilipovunjika. Ziliwekwa katikati ya Wakenya, wafugaji Wasomali wa Kenya, watu wa lugha moja na dini moja na hao waliokimbia, mara nyingine hata wa ukoo mmoja. Ukame ukaja, kama unavyokuja huko kila miaka michache. Mifugo ikafa. Ndani ya kambi kulikuwa na mahindi, mafuta, zahanati na shule; nje ya kambi, kwa raia wa Kenya, hakukuwa na kitu. Wewe mzazi ungefanya nini? Ungewaingiza watoto kwenye foleni. Ndivyo wengi walivyofanya. Mtoto akaandikwa mkimbizi, kadiri mfumo ulivyokua alama zake zikachukuliwa, familia ikapata kadi ya chakula, maisha yakaendelea. Mvua iliponyesha walirudi kwao, wengine mwendo wa nusu siku tu kutoka kambini.

Miaka ikapita. Mtoto akafika 18, akaenda kuomba kitambulisho cha taifa. Akaweka kidole kwenye mashine. Mashine ikasema: huyu ni mkimbizi.

Hapo ndipo ninapotaka mkae kidogo. Babu yake Mkenya, baba yake Mkenya, cheti cha kuzaliwa anacho, chifu anamjua. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu mashine imesema. Bila kitambulisho Kenya hufungui akaunti ya benki, husajili laini ya simu, hupigi kura, huajiriwi, na kizuizi cha polisi cha kwanza barabarani ndicho mwisho wa safari yako. Hawa hawakuwa kumi wala mia. Watetezi wa haki wa huko wanakadiria watu wapatao 40,000. Kamati za uhakiki zimeundwa, baadhi wakasafishwa, wengine wamezeeka wakingoja. Wapo waliooa, wakazaa, na watoto wao nao wakakwama, kwa sababu mzazi hana kitambulisho cha kuonyesha.

Nani alidukua hapo? Hakuna. Nani aliuza data? Hakuna. Kila kitu kilifanya kazi kama kilivyotengenezwa. Alama zilichukuliwa kujibu swali moja: nani apewe mahindi? Baadaye zikaulizwa swali jingine kabisa: nani ni Mkenya? Walioziuliza hawakujali kwamba hazikukusanywa kwa ajili ya jibu hilo. Basi mtu anaponiambia tatizo la data za vidole ni wezi wa mtandaoni, namwambia wezi watakuja, lakini mimi naogopa zaidi ofisi mbili zinazopeana mikono.

Najua kuna kijana hapo nyuma anataka kuniambia hana cha kuficha. Kila mara huwa yupo. Kaka, mtoto wa Garissa alikuwa na nini cha kuficha? Njaa? Unadhani wewe ndiye unayeamua kipi ni cha kufichwa. Anayeamua ni atakayeifungua faili lako miaka 15 ijayo, na humjui, na yeye hajui kwamba siku ile ulikuwa unatafuta unga.

Mwingine ataniambia: hiyo ni Kenya, Uganda inawapokea wakimbizi vizuri. Ni kweli, na nasema hivyo kila mahali. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea, na nchi hii imebeba wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote Afrika. Lakini tazameni ramani. Waaluru wako pande mbili za mpaka wa Kongo. Wakakwa wako Koboko, Sudan Kusini na Kongo. Wakonzo hapa na Wanande kule ni ndugu. Banyarwanda wameandikwa ndani ya Katiba ya Uganda kama moja ya jamii za nchi hii, na bado kila siku kuna Munyarwanda anayeulizwa katoka wapi. Kama kuna mahali pa kupata Garissa ya pili, ni hapa. Ofisi ya Waziri Mkuu ina orodha yake ya wakimbizi, NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho, ina daftari la raia, na kwa Sheria ya Usajili wa Watu ya 2015 mgeni anayekusudia kukaa zaidi ya siku 90 naye anatakiwa kuandikishwa NIRA na kupewa namba. Siku orodha hizi zikiunganishwa, na zitaunganishwa, nani atakuwa amekaa kuuliza ile ya kwanza ilikusanywa kwa kazi gani?

Halafu kuna 2018. Wengi wenu mlikuwepo. Mapema mwaka ule zilitoka tuhuma kwamba hesabu ya wakimbizi imejazwa hewa na kwamba misaada inaliwa. Maafisa wakasimamishwa. Tangu Machi hadi Oktoba UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na Ofisi ya Waziri Mkuu wakawahakiki watu upya nchi nzima, safari hii kwa vidole na mboni za macho. Hesabu ikashuka kutoka zaidi ya milioni 1.4 hadi takribani milioni 1.1. Wafadhili wakafurahi. Mimi pia nilifurahi, chakula cha hewa hakimshibishi mtu. Ila niambieni: waliotuhumiwa kuchezea orodha ni kina nani, na waliotoa macho ni kina nani? Afisa alituhumiwa, bibi kutoka Rutshuru, Kongo, akapimwa mboni. Sikusikia mtu akipendekeza mboni za maafisa zichukuliwe. (Kicheko.) Mnacheka, lakini lilikuwa pendekezo zuri.

Na raia wa Uganda mlioalikwa leo, msikae mkidhani hili ni la wageni. Mboni za wakimbizi zilianza 2018. Mwaka 2025, NIRA ilipoanza kubadilisha zile Ndaga Muntu, vitambulisho vya taifa, zinazoisha muda, mboni zenu nazo zikaingia. Jambo la namna hii huanzia kwa asiye na mbunge.

Sheria tunayo, na niwe mkweli, si mbaya. Ibara ya 27 ya Katiba inamlinda kila mtu katika faragha yake, raia na asiye raia. Mwaka 2019 tukapata Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, na kanuni zake zikafuata 2021. Inasema ukusanye kwa lengo maalumu, ukusanye kinachohitajika tu, usikae nacho kuliko kazi inavyodai. Nikiisoma hiyo mbele ya wenzangu mawakili wanapiga makofi. Kisha nawafungulia kifungu cha 9, kile kinachotaja data za pekee zinazohitaji ulinzi mkali: dini, siasa, maisha ya kimapenzi, mambo ya fedha, afya. Tafuteni vidole. Tafuteni mboni. Havimo. Kenya walipitisha sheria yao mwaka huohuo wakaziweka alama za mwili ndani ya data nyeti. Sisi salio la benki lina ulinzi mkubwa kuliko jicho.

Pili, kifungu cha idhini kina milango ya kutokea: idhini haihitajiki kama ukusanyaji umeruhusiwa na sheria, au ni kazi ya umma, au ni usalama wa taifa. Mgeni anakutana na nani, kama si hao? Karibu kila mashine anayowekea kidole inapita kwenye mlango mmojawapo. Tatu, Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi yenyewe imewekwa ndani ya NITA-U, shirika lilelile la serikali linalosimamia mifumo ya teknolojia ya serikali. Sisemi waliomo ni wabaya, nimekutana nao, ni watu wa kazi. Lakini ukimpeleka mteja kulalamika juu ya mfumo wa serikali, unampeleka kwenye jengo la serikali linalojenga mifumo.

Naonyeshwa dakika kumi. Haya, haraka.

Wezi. Marekani mwaka 2015 waliibiwa alama za vidole za watu milioni 5.6, watumishi wa serikali na walioomba kazi huko. Nywila unabadilisha. Kidole utaenda kukinunua soko la Owino? Januari 2022 ilibainika kwamba mifumo yenye data za Msalaba Mwekundu wa Kimataifa imedukuliwa, data za watu zaidi ya 515,000, wengi wao waliotenganishwa na familia kwa vita. Kama hao wameshindwa kulinda, ofisi ya wilaya yenye umeme wa kukatika italindaje?

Kurudishwa mikononi mwa uliyemkimbia. Mwaka 2021 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch walisema majina na taarifa za Warohingya wasiopungua 830,000, zilizokusanywa Bangladesh kwa ajili ya kadi za misaada, zilipelekwa kwa serikali ya Myanmar, yaani kwa waliowafukuza. UNHCR walijibu kwamba watu waliulizwa na wakaeleweshwa. Sawa, tumerudi kwenye idhini ya aliye kwenye foleni ya chakula. Sisemi Uganda imefanya hivyo. Nasema sijaonyeshwa kinachoizuia.

Mtu aliniuliza wiki iliyopita kama kuna wageni waliowahi kukataa wakashinda. Wapo. Japani, wakazi wenye asili ya Korea, wengi wamezaliwa hukohuko, walianza kugoma kutoa vidole miaka ya 1980. Wengine walishtakiwa, wengine walikamatwa. Mwaka 1993 wakazi wa kudumu wakasamehewa, na 2000 utaratibu ule ukafutwa kwa wote. Mwaka 2007 vidole vikarudi, safari hii kwenye mlango wa uwanja wa ndege. Hata hivyo wakazi wa kudumu wa jamii ile hawakuguswa tena. Hilo lingetosha mhadhara mzima.

Wale ambao vidole vyao vimelika kwa jembe na matofali, mashine ikawakataa, siku nyingine. Watoto pia, ingawa watoto ndio walionileta kwenye jambo hili. Mwenyekiti ameinuka, kwa hiyo niseme la kufanya.

Msikatae vidole. Narudia, kwa sababu mara ya mwisho kuna waliotoka hapa wakagoma, wakakosa karatasi. Toeni, kisha andikeni. Sheria ya 2019 inakupa haki ya kumuuliza anayeshika data zako ana nini chako, anakitumia kwa nini na amempa nani, na haki ya kudai kisicho sahihi kirekebishwe au kifutwe. Pale mezani, karibu na chai, kuna barua nilizoandika kwa Kiswahili na Kiingereza, moja kwa Ofisi ya Waziri Mkuu, moja kwa Uhamiaji, moja kwa NIRA. Jaza jina na namba ya karatasi yako, weka sahihi, peleka nakala mbili. Moja waache nayo, ya pili wagonge muhuri wa tarehe, na hiyo usimwachie mtu. Wakikataa kugonga muhuri, andika nyuma yake saa na dirisha ulilohudumiwa, uniletee. Ijumaa niko ofisini hadi saa kumi na moja jioni. Mama wa kilemba cha kijani, wewe uliinua mkono kwanza. Uliza.