Nani Ameshika Ufunguo wa Kompyuta Yako?

NEEMA: Karibu, msikilizaji. Mimi ni Neema, na niko hapa na mwenzangu wa kipindi, Mzee Idrisa, ambaye alianza kutumia kompyuta wakati kazi zote za mtu zilikuwa zikitembea mfukoni ndani ya disketi. Mzee Idrisa, shikamoo.

IDRISA: Marahaba, Neema. Nashukuru kwamba leo tumeitengea mada hii kipindi kizima, kwa kuwa nimeibeba moyoni miaka mingi.

NEEMA: Ulinidokeza kwamba kuna faili moja lililokufanya uanze kujali jambo la programu huria, yaani zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzisoma zilivyoandikwa, kuzirekebisha na kuwapa wengine. Tuanze na hilo.

IDRISA: Mwaka 1996 niliandika hati ya kurasa arobaini hivi, maelezo ya kazi niliyokuwa nikiifanya, kwa programu ya kuandikia iliyokuwa maarufu sana wakati huo, nikaihifadhi kwenye disketi mbili, moja ikiwa ya akiba. Mwaka 2009 nikaihitaji. Disketi ilisomeka, faili lilikuwepo, ukubwa wake ulikuwa uleule, lakini nilipolifungua kwa toleo jipya la programu ileile, la kampuni ileile, nilipata ukurasa uliojaa viboksi na alama zisizosomeka, na katikati yake neno langu moja moja likichungulia: "kisha", "jedwali", "angalia". Nilikaa nikiutazama ule ukurasa kwa muda mrefu. Maneno yalikuwa yangu, lakini namna yalivyofungashwa ndani ya faili ilikuwa siri ya kampuni, na kampuni ilikwisha kuamua kwamba kuitunza siri ile hakuna tena faida.

NEEMA: Hukuipata tena hati hiyo?

IDRISA: Niliipata baada ya miaka kadhaa, kwa kutumia LibreOffice, programu huria ya kuandikia hati na kutengeneza majedwali. Kuna watu wanaochukua miundo ya zamani ya mafaili, ile iliyoachwa na wenyewe, na kuichambua baiti kwa baiti mpaka waelewe aya inaanzia wapi na herufi nzito inaishia wapi, kisha wanaandika programu ya kuisoma na kuitoa kwa kila mtu. Safu za majedwali yangu zilikuwa zimepinda kidogo, lakini hakuna neno lililopotea. Hati hiyo sasa nimeihifadhi katika muundo wa OpenDocument, ambao tangu 2006 ni kiwango cha kimataifa cha ISO, shirika la viwango, na maelezo yake yako wazi, kwa hiyo hata LibreOffice ikifa kesho, mtu mwingine anaweza kuandika programu ya kuifungua bila kumwomba yeyote ruhusa.

NEEMA: Watu wengi wakisikia programu huria, wanaelewa kwamba ni programu zisizolipiwa. Nadhani hata mimi nilianza hivyo.

IDRISA: Na hapo Kiswahili kimetutendea wema, maana tuna neno "bure" na tuna neno "huria", wakati Kiingereza kina neno moja linalobeba maana zote mbili na limewasumbua wenyewe kwa miongo. Programu inaweza kuwa ya bure na ikakufunga mikono kabisa. Mwanaprogramu Mmarekani Richard Stallman, alipotangaza mwaka 1983 mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo mzima wa kompyuta ulio huria, hakuwa akilalamikia bei. Alikuwa akifanya kazi katika maabara ya akili unde ya chuo cha MIT, Marekani, ambako printa ya zamani ilikuwa na programu ambayo yeye aliweza kuirekebisha, akaifanya iwaarifu watu karatasi zinapokwama. Ikaja printa mpya ya leza kutoka Xerox, nzuri na ya kasi, lakini msimbo chanzo wake, yaani maandishi ya mwanaprogramu ambayo programu yake imejengwa kwayo, haukutolewa. Karatasi zilikwama kama zamani, dawa ya tatizo aliijua, na hakuruhusiwa kuitumia. Alipomwendea mtaalamu mmoja wa chuo kingine aliyekuwa na msimbo huo, alinyimwa, kwa sababu yule alikuwa ameahidi kampuni kutomwonyesha mtu.

NEEMA: Kwa hiyo mambo yote haya yalianzia kwenye printa.

IDRISA: Printa ilikuwa na sehemu kubwa katika kumwamsha. Na hebu fikiria, Neema, zaidi ya miaka arobaini baadaye, printa yangu ya mwisho ilikataa kuskani ukurasa mmoja kwa sababu wino wa rangi ya manjano ulikuwa umekwisha. Kuskani hakuhitaji wino hata tone. Nilisimama mbele ya kile kioo kidogo kikiniambia nibadilishe katriji, na nikaona kwamba kifaa nilichokilipia kilikuwa kikimtii mtu mwingine ndani ya chumba changu.

NEEMA: Hilo linanipeleka kwenye swali ambalo limekuwa likinisumbua. Tunaambiwa kwamba programu huria zimeshinda. Seva nyingi za intaneti zinaendeshwa na Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu zaidi katika orodha ya dunia zinaendeshwa na Linux. Kama zimeshinda, kwa nini wewe huwezi kuskani?

IDRISA: Ndiyo kiini cha malalamiko yangu. Programu huria zimeshinda kila mahali isipokuwa mkononi mwa mtumiaji. Chukua simu. Android, ambayo simu yake ya kwanza iliuzwa mwaka 2008, imejengwa juu ya kiini cha Linux, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, kile alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Msimbo wa kiini hicho uko wazi, na leseni yake, GPL toleo la pili, iliyotokana na mradi ule wa GNU, inamtaka mtengenezaji autoe. Lakini simu nyingi zimefungwa kwa namna kwamba hazikubali kuwaka na mfumo ambao mtengenezaji hajautia sahihi yake. Unaruhusiwa kuusoma msimbo kama unavyosoma barua iliyobandikwa nyuma ya kioo, ila kuurekebisha na kuurudisha ndani ya simu yako mwenyewe, huwezi.

NEEMA: Leseni yenyewe haikuliona hilo?

IDRISA: Toleo la tatu la mwaka 2007 lililiona, na likaandikwa makusudi ili anayeuza kifaa kwa mtu wa kawaida ampe pia njia ya kusakinisha programu aliyoibadilisha. Torvalds alikataa kuhamishia kiini cha Linux kwenye toleo hilo, akishikilia kwamba leseni ihusu msimbo na isiingilie muundo wa kifaa. Ninamheshimu sana mtu yule, na kazi yake naitumia kila siku, lakini katika hili naona hakufikiria vya kutosha juu ya mtu wa mwisho katika mnyororo, yule ambaye hatengenezi seva wala haandiki msimbo, ila anataka simu yake idumu. Matokeo yake, kampuni zimechukua kazi ya maelfu ya wachangiaji, zimejenga juu yake, na uhuru uliokuwa umekusudiwa umeishia mlangoni pa kiwanda.

NEEMA: Nikupinge kidogo, mzee wangu. Mtu wa kawaida hataki kubadilisha mfumo wa simu. Anataka simu ipige picha na ipokee ujumbe. Uhuru huu si wa mafundi tu?

IDRISA: Sikubaliani, na nitakueleza sababu. Mimi si fundi wa gari, lakini nafaidika kwa kuwa boneti ya gari inafunguka, maana nikipata tatizo nampelekea fundi yeyote ninayemwamini. Uhuru wa fundi ndio unaonilinda mimi nisiyejua kitu. Siku hizi kompyuta na simu zinaacha kutumika zikiwa bado nzima kabisa. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa mpango wa nyongeza wa muda mfupi, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na kichakataji kilichomo katika orodha yake. Mashine ambayo jana ilikuwa ikiandika barua, ikifungua kivinjari na kucheza video bila kukwama, leo mwenyewe anaambiwa ainunulie mrithi. Skrini haijapasuka, kibodi haijafa, kilichokwisha ni nia ya kampuni tu.

NEEMA: Na betri nayo.

IDRISA: Betri ndiyo inayonikasirisha kuliko yote, kwa sababu kila betri ya lithiamu huchoka, hilo ni jambo la kemikali na halina wa kulaumiwa. Lakini kuichukua sehemu moja ambayo kila mhandisi anajua kwamba itachoka kabla ya nyingine zote, kisha kuifunika kwa gundi, ni uamuzi wa mtu. Nafarijika kwamba kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya imepanga kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vingi vidogo ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Sheria imefanya kile ambacho sifa nzuri za soko hazikukifanya.

NEEMA: Tugeukie upande wa pili, maana tusipozitaja dosari tutakuwa hatujamtendea haki msikilizaji. Mimi nilijaribu Linux nikiwa chuoni, na sauti ilikataa kutoka kwa siku tatu.

IDRISA: Na pengine ulipoomba msaada ulijibiwa kwa ukali.

NEEMA: Niliambiwa nikasome mwongozo kwanza.

IDRISA: Pole sana. Hilo ni kosa letu, nasi tunaopenda programu hizi tuna haki ya kulaumiwa kwalo. Mtu aliyekuja na nia njema na tatizo la kweli hafai kufukuzwa. Siku hizi mashine nyingi husakinishwa bila shida, lakini bado zipo kadi za mtandao na visoma alama za vidole ambavyo havifanyi kazi, mara nyingi kwa sababu aliyevitengeneza hakutoa maelezo yake. Ila dosari inayoninyima usingizi ni nyingine. Ni wale watunzaji wa programu ndogo ndogo ambazo dunia nzima imezilalia bila kujua.

NEEMA: Unazungumzia kisa cha XZ.

IDRISA: Ndicho. XZ ni programu ya kubana mafaili, na imo katika karibu kila mfumo wa Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa hasa na mtu mmoja, kwa muda wake mwenyewe, ambaye aliwahi kueleza hadharani kwamba uwezo wake wa kuishughulikia umepungua, hasa kwa sababu ya matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili. Akajitokeza mchangiaji aliyetumia jina la bandia, mpole na mchapakazi, akafanya kazi nzuri kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa, na mwanzoni mwa 2024 akapenyeza mlango wa siri ambao ungeweza kuzifungua seva nyingi duniani. Mwezi Machi mhandisi Andres Freund akagundua kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Angeweza kuipuuza. Akaifuatilia mpaka akaukuta mlango.

NEEMA: Wapo watakaosema kwamba huo ndio ushahidi kuwa msimbo wazi ni hatari, kwa kuwa yeyote anaweza kuingia.

IDRISA: Na wapo watakaosema ni ushahidi kwamba msimbo wazi ni salama, kwa kuwa Freund aliweza kuuchunguza mwenyewe, bila kuandika barua kwa kampuni yoyote. Hoja hii ya pili ina ukweli, maana kama msimbo ungefungwa angebaki na nusu sekunde yake na mashaka yake. Lakini siwezi kuisema kwa kujigamba, kwa sababu tuliokolewa na umakini wa mtu mmoja baada ya kumwacha mtu mwingine mmoja alemewe. Ilikuwa hivyo hivyo mwaka 2014, hitilafu ya Heartbleed ilipogunduliwa katika OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya siri katika intaneti huku ikitunzwa na watu wachache mno na kwa fedha kidogo mno. Kampuni zinazovuna kutokana na kazi hizi zinapaswa kuwalipa watunzaji mshahara, na mimi na wewe, tukiweza, tuchangie. Kila mwaka mimi huchagua programu mbili ninazozitegemea na kuzichangia fedha, na kiasi hicho nakihesabu pamoja na bili zangu nyingine.

NEEMA: Tumalizie na jambo la mkononi. Nina kompyuta mpakato ya zamani, yenye kumbukumbu ya GB 4, ambayo haikubali Windows 11. Nisakinishe Linux leo usiku?

IDRISA: Leo usiku usisakinishe kitu. Ninavyoshauri mimi, mtu ahame kwanza programu, mfumo ufuate baadaye. Tumia LibreOffice na kivinjari cha Firefox kwenye Windows uliyonayo kwa mwezi mzima, na VLC kwa video, mpaka mikono izizoee, kwa sababu ndizo utakazozikuta upande wa pili. Wakati huo nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje, na uyafungue machache ukiwa umeichomeka diski hiyo kwenye kompyuta nyingine, maana nakala ambayo hujawahi kuifungua huna hakika nayo. Kisha weka Linux nyepesi kwenye flashi na uiwashe mashine kutoka humo bila kugusa chochote ndani yake. Jaribu sauti, Wi-Fi, kamera, halafu ufunge kifuniko na kukifungua uone kama inaamka.

NEEMA: Na sauti ikikataa tena?

IDRISA: Nipigie simu, hata kama ni usiku, tutaitafuta pamoja.

NEEMA: Diski ninayo. Picha zipo, hati za chuo zipo, na kuna tasnifu yangu ambayo niliiandika kwa programu ambayo leseni yake imeshakwisha muda.

IDRISA: Basi anza na tasnifu. Ifungue kesho asubuhi kwa LibreOffice, kurasa zote mpaka ya mwisho, na majedwali yake.