Koili mpya kwenye Land Rover ya zamani: pima kwanza, ndipo ufunge

Mwangaluka, watu wangu wa Tabora, na nyie wa kwingine karibuni sana. Leo tunafunga koili yenye nguvu, kile kikopo kinachokuza umeme wa betri uwe cheche kwenye plagi, kwenye Land Rover 109, Series III, injini ya petroli ya 2.25, ile yenye platini, vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana ndani ya distributa, kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Ni gari ya mzee wetu anayeleta asali kutoka Sikonge. Asubuhi inawaka vizuri kabisa. Ikipata joto na mzigo uko juu, inaanza kumisi, mwisho inazima. Ukiiacha ipoe, inawaka tena. Hiyo ni koili iliyochoka: zile nyaya nyembamba za ndani zikipata joto, vanishi yake inaachia, moto wa cheche unavujia humo humo kabla ya kufika kwenye plagi.

Na niseme mapema, maana mimi koili nauza: koili kali haikuongezei nguvu ya injini. Kama moto wa gari yako uko sawa, baki na hela yako. Inachokupa ni moto wa uhakika, gari kuwaka haraka asubuhi na kutokumisi ikibeba.

Toa hasi ya betri, piga picha waya zako, fungua koili ya zamani. Hayo mnayajua, twende.

Sasa tulia hapa, usiruke mbele. Hizi mbili mkononi mwangu, kopo ni lile lile, shingo ile ile, lakini si ndugu. Hii ina ukinzani wa umeme wa omu 3 hivi, inakula volti 12 moja kwa moja. Hii ina omu 1.5, inataka resista, kizuizi cha kupunguza umeme, njiani; Corolla nyingi za zamani utakuta kipande cheupe cha kauri pembeni ya koili, ndiyo hiyo resista. Platini zinavumilia kama ampea 4. Gawanya 12 kwa 3, unapata 4. Gawanya 12 kwa 1.5, unapata 8. Ukifunga ya omu 1.5 bila resista, platini zinageuka bluu, zinachimbika, na gari inarudi gereji kwa kamba. Hapa Isevya gari za namna hiyo zinaletwa kila mara, na mwenyewe anakwambia, "Fundi, mbona niliuziwa koili kali?"

Kwa hiyo mita. Weka kwenye omu, skeli ya 200. Kabla ya kugusa koili, gusanisha ncha za mita zenyewe. Dogo, sogeza kamera. Mnaona? 0.4. Hiyo ni ya waya za mita, inatolewa kwenye kila kipimo. Sasa nguzo mbili za koili: 3.5. Toa 0.4, inabaki 3.1. Safi, hii ndiyo yetu.

Bado. Lazima tujue gari yenyewe ina resista au haina, maana nyingine resista yake ni waya uliofichwa ndani ya fungu la waya, huioni kwa macho. Rudisha betri na koili ya zamani kama ilivyokuwa. Fungua kofia ya distributa, zungusha injini kwa hendeli mpaka platini zifunge. Narudia: zifunge, chuma kiguse chuma. Washa swichi, mita iwe kwenye volti, ncha moja kwenye chanya ya koili, nyingine kwenye bodi. Inasoma 11.8. Ikisoma hivyo, hakuna resista. Ingesoma 6 mpaka 9, ipo.

Ngoja niwaonyeshe makusudi kwa nini napiga kelele. Nazitenganisha platini kwa kikaratasi. Angalia: 12.4. Platini zikiwa wazi umeme hautembei, na mita itasoma 12 hata kwenye gari yenye resista. Utanunua koili isiyo yake huku unaapa kwamba ulipima. Platini zifunge! Na ukishasoma, zima swichi hapo hapo, kabla hata hujaweka mita chini. Swichi ikibaki imewashwa na injini haizunguki, koili inachemka. Vijana wanaosikiliza mpira wa Simba na Yanga kwenye redio ya gari, mnanisikia.

Tunafunga. Klampu ya zamani inapwaya kidogo. Nazungushia kipande cha bati jembamba. Wengi wanaweka mpira wa tyubu, mimi sipendi, unazuia joto kutoka.

Waya wa swichi unakwenda chanya, wa distributa unakwenda hasi. Koili za Kiingereza za kale zimeandikwa SW na CB: SW ni swichi, CB ni distributa. Za Kijerumani zina namba, 15 ni swichi, 1 ni distributa. Ukizigeuza gari itawaka, na hapo ndipo watu wanapopotea, kwa sababu moto unakuwa dhaifu halafu wanaanza kufungua kabureta isiyo na kosa.

Waya mkubwa wa katikati sukuma mpaka mwisho. Piga stata.

Imewaka. Lakini... subiri. Dogo, usikate, acha irekodi. Mnasikia? Bado inamisi, tena ikiwa baridi. Mzee, vumilia kidogo. Leteni turubai, tufunike huku juu kuwe giza. Sogeza kamera, usiguse waya. Hapo! Cheche za bluu zinatambaa juu ya kofia ya distributa kama siafu. Koili ya zamani ilikuwa haina nguvu ya kuvuka hapo. Hii inayo, kwa hiyo moto unachukua njia fupi. Zima.

Ndani ya kofia, hapa kati ya ncha ya pili na ya nne, kuna mstari mweusi mwembamba, kama umechorwa kwa penseli. Huo ni moto umechora njia yake. Usikwangue kwa msasa, mstari utarudi. Badilisha kofia, na waya za plagi kama zimekauka. Zirudishe kwa mpangilio wa 1-3-4-2.

Haya, kofia mpya, washa. Sikiliza hiyo sailensa, mapigo yako sawa. Nafasi ya plagi naiacha milimita 0.8, sioni haja ya kuipanua zaidi kwa gari ya kazi. Sasa mzee aizungushe mpaka ipate joto kweli, ndipo tujue. Huyo karudi, haijamisi.

Platini zikague tena akirudi kutoka Sikonge. Zikiwa na rangi ya kijivu, sawa. Zikiwa bluu, rudi kwenye mita. Na ukija dukani kutaka koili, njoo na ile ya zamani, na uniambie ulisoma volti ngapi platini zikiwa zimefunga.